Siafu wa jangwa la Arizona: wanahama kwa njaa au wanahamishwa na watoto?

Kichuguu Kikavu

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi kwenye ule mjadala wa siafu kuvamia mabanda ya kuku, watu walipoanza kubishana kama siafu ni wa Afrika peke yake. Si wa kwetu tu. Nusufamilia yao, Dorylinae, ipo Asia, ipo Australia, na ipo Amerika kuanzia Marekani hadi Argentina. Wengi mmewaona kwenye runinga Eciton, wale wa misitu ya Panama na Amazoni wanaotembea mchana kweupe huku ndege wakiwafuata. Hao wana mashabiki wa kutosha. Leo namleta ndugu yao mdogo ambaye hakuna anayempiga picha: Neivamyrmex nigrescens, siafu wa vichaka vikavu, mbuga za nyasi za jangwani na mabonde ya mawe.

Ana milimita chache tu, rangi kahawia iliyokolea inayokaribia weusi, na mwili usiong'aa. Hana askari wenye taya za kutisha kama hawa wa kwetu. Vibarua wote ni wa umbo moja, wanapishana kidogo kwa ukubwa. Macho ni kinukta kimoja kila upande wa kichwa, hayamsaidii kitu. Koloni lina makumi ya maelfu ya vibarua na malkia mmoja asiye na mabawa. Wanatoka jua likizama, wanawinda usiku, na kukipambazuka wamesharudi chini. Ukipita mchana utaapa hakuna kitu.

Anapatikana kutoka California hadi majimbo ya mashariki ya Marekani na kusini hadi Meksiko, lakini karibu kila tunachokijua juu ya tabia zake kimetoka eneo moja dogo: kijiji cha Portal, kusini-mashariki mwa Arizona, chini ya milima ya Chiricahua, mpakani na New Mexico. Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la New York lina kituo cha utafiti pale tangu 1955. Bondeni kuna miti ya mesquite, migunga, yuka, nyasi za hapa na pale, na udongo ambao mchana wa Juni unapita nyuzi joto 50 juu yake. Mvua kubwa zinakuja kati ya Julai na Septemba, na hapo ndipo siafu hawa wanachangamka. Baridi ikiingia wanazama ardhini mpaka mwaka unaofuata.

Kisa changu hasa ni kuhama kwao. Siafu hawa wana awamu mbili. Katika awamu ya kuhama wanawinda kila usiku, na mara nyingi baada ya kuwinda wanabeba watoto wote na malkia wao na kwenda kukaa penginepo. Katika awamu ya kutulia wanabaki shimo lilelile kwa wiki mbili na nusu hivi, hawatoki sana, na tumbo la malkia linavimba mpaka anashindwa kutembea vizuri, kisha anataga maelfu ya mayai kwa siku chache. Halafu mzunguko unaanza tena.

Nani anapiga kengele ya kuondoka? Hilo ndilo swali lililowakalisha watu usiku kucha kwenye lile bonde kwa miaka. Nitaeleza nikipata nafasi jioni. Karibuni mjadala.

Mzee wa Pugu

Nimekaa mbele kabisa. Ila mkuu, hapa umenichanganya tangu mwanzo. Siafu ninaowajua mimi wanatoka mvua ikinyesha, wanapenda kivuli na udongo wenye majimaji. Ukame ukizidi huwaoni kabisa. Jangwani wataishije na hao ni viumbe laini?

Kichuguu Kikavu

Mzee wangu, swali zuri, na jibu lake ni kwamba hawaishi kwenye jangwa unaloliona wewe. Wanaishi chini yake na usiku wake.

Eciton wa msituni wanatengeneza kambi kwa miili yao wenyewe, wanashikana miguu wakaning'inia kwenye gogo au shina la mti, malkia na watoto wakiwa katikati. Juu ya ardhi kabisa. Ukimfanyia hivyo mtoto wa siafu Arizona mwezi wa saba saa nane mchana, amekauka kabla hujamaliza kumtazama. Kwa hiyo Neivamyrmex wanajishikanisha vilevile, lakini ndani ya tundu: shimo la panya, ufa chini ya jiwe, au kiota cha sisimizi wengine waliowamaliza jana. Kuchimba hawachimbi kwa maana ya kujenga. Wanapangisha bila kulipa kodi.

Chini kidogo tu ya uso wa ardhi joto linapungua sana na unyevu unabaki. Na safu zao hazitembei juu muda wote. Zinaingia kwenye nyufa, zinapotea, zinaibuka mita kadhaa mbele chini ya kichaka. Ndiyo maana kumfuatilia mmoja ni kazi ya tochi na uvumilivu.

Dereva Jangwani

Wakuu mimi nipo Tucson, naendesha lori, huku ndiko nyumbani kwa sasa. Nathibitisha habari ya mvua. Juni huku ni tanuri, ardhi imekufa. Mvua ya kwanza ya Julai ikipiga jioni, usiku uleule ardhi inatoa kila kitu: vyura, nge, majongoo, kumbikumbi. Sikujua kama kuna siafu humo. Nilichokiona ni wadudu wenye mabawa, wembamba wa rangi ya kahawia, wanajigonga kwenye taa za kituo cha mafuta. Nilidhani nyigu. Kuna uhusiano?

Kichuguu Kikavu

Upo, uwezekano mkubwa tu, japo nyigu nao wanafuata taa. Madume ya siafu yana mabawa na macho makubwa na yanavutwa sana na taa. Nitakuja kwa hayo madume, yana kisa chao.

Bi Mwanakombo

Kaka Kichuguu, mimi naogopa wadudu lakini nakusoma. Hao wanakula nini huko jangwani pasipo kuku wala mende wa jikoni? Na wakikuuma?

Kichuguu Kikavu

Dada, kuku wa huko wako salama. Hawa wanakula watoto wa sisimizi wenzao. Hiyo ndiyo riziki yao kubwa: mayai, mabuu na pupa wa sisimizi wengine, hasa wa jenasi Pheidole ambao wamejaa kwenye lile bonde, na mchwa pia. Wanaingia kiotani, wanawapita wakubwa, wanachukua wachanga na kuondoka nao. Kwa mtu, wana mwiba na wanachoma, lakini kwa udogo wao hawafiki popote kwa siafu wa kwetu, ambao hawachomi bali wanakata kwa taya.

Kinachonivutia mimi ni hao wanaovamiwa. Msitu una sisimizi wengi, lakini jangwani kiota ni mali. Ni shimo lililochimbwa kwenye ardhi ngumu hadi penye unyevu. Kulipoteza ni hasara. Hata hivyo sisimizi wengi wa pale, wakigusana na siafu mmoja tu wa doria, hawapigani. Wanakimbia na watoto wao.

Novomessor albisetosus, sisimizi mkubwa mwenye miguu mirefu, ni hodari kwa hilo. Anaijua harufu ya siafu. Mlinzi akiipata, kiota kizima kinachafuka, na kufumba na kufumbua utawaona wamemwagika nje, kila mmoja na pupa mdomoni. Wanasubiri huko nje mpaka wageni waondoke.

Pheidole desertorum amekwenda mbali zaidi. Koloni lake moja linamiliki viota kadhaa kwa wakati mmoja, na vingi viko tupu. Mtafiti Robert Droual aliandika juu ya jambo hili miaka ya 1980. Ukiviona viota hivyo unaweza kusema ni upotevu wa nguvu, kuchimba nyumba usiyoishi. Kumbe ni mahali pa kukimbilia. Siafu wakija, familia inatoka mlango wa mbele na kuhamia kiota cha akiba ambacho njia yake inajulikana tayari. Mimi naona huyu ni mhandisi mkubwa kuliko siafu mwenyewe, ila uzi ni wa siafu.

Mzee wa Pugu

Yaani wana nyumba za akiba na sisi tunapanga chumba kimoja Gongo la Mboto. Haya endelea.

Chebet wa Marigat

Habari zenu. Nafuata kutoka Baringo. Umetaja mesquite, hiyo si ndiyo mathenge yetu? Kama ni hiyo basi mazingira tunayafahamu vizuri, miiba mpaka kwenye magurudumu. Swali langu: huku kwetu kwenye ukame kuna siafu kama hao? Na je hao wa Amerika na wa Afrika ni ndugu kweli au wanafanana tu?

Kichuguu Kikavu

Ndiyo, ndugu Chebet, ni jamii moja na mathenge. Ile ya Baringo ni Prosopis juliflora, nayo asili yake ni Amerika.

Huku kwetu wapo. Tunaowaona sana ni wale wanaopita juu ya ardhi kwa safu pana, lakini jenasi Dorylus ina spishi nyingi ambazo maisha yao yote ni chini ya udongo, nazo zinamudu nchi kavu. Dorylus fulvus anajulikana kutoka Afrika Kaskazini, Misri ikiwemo, na kusini mwa Sahara. Pia kuna Aenictus, wadogo sana. Hao kwa tabia wanakaribiana na wa Arizona kuliko siafu wa kawaida: wanakula watoto wa sisimizi wengine, na wana awamu mbili za kuhama na kutulia kwa mpangilio. Ukipindua jiwe ukaona safu ya vitu vidogo vya kahawia vimebeba mayai, usiseme tu ni sisimizi.

Kuhusu undugu, wataalamu wamegeuzana. Mwaka 2003 Sean Brady alichapisha kazi ya vinasaba iliyosema siafu wote wana babu mmoja aliyekuwa siafu tayari, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, enzi za bara la kale la Gondwana. Ikakubalika sana. Mwaka 2019 Marek Borowiec akaja na data nyingi zaidi za vinasaba akasema hapana: wa Amerika na wa huku kwetu ni wa ukoo mmoja mpana, lakini usiafu wenyewe, yaani kuwinda kwa kundi, kuhamahama na malkia asiye na mabawa, umejitokeza mara mbili, kila upande kivyake. Mimi naegemea kwa Borowiec, kwa sababu data yake ni kubwa mno kuliko ile ya kwanza. Lakini Brady hakukosea kuona kwamba mambo haya matatu yanakwenda pamoja. Malkia asiyeruka hawezi kwenda peke yake kuanzisha koloni. Ni lazima koloni ligawanyike vipande viwili, kila malkia atembee na jeshi lake.

Mwalimu Kapesa

Nimefundisha biolojia miaka mingi na nimesubiri ufike kwenye swali lako mwenyewe. Umesema "nani anapiga kengele". Mbona jibu liko wazi? Chakula kikiisha wanahama. Wafugaji wanafanya hivyo, nyumbu wanafanya hivyo. Sioni fumbo.

Kichuguu Kikavu

Mwalimu, shikamoo. Sasa tumefika nilipotaka.

Hilo la chakula ndilo jibu lililozoeleka mwanzoni mwa karne ya 20. Na kwa taarifa ya wanajukwaa, kati ya watu wa mwanzo kuandika kwa kirefu juu ya siafu ni Mjerumani Julius Vosseler, aliyekuwa mtaalamu wa wanyama pale Amani, Usambara. Aliandika juu ya siafu wa Afrika Mashariki mwaka 1905. Kwa hiyo elimu hii ina mizizi Tanga.

Akaja Mmarekani T. C. Schneirla. Huyu hakuwa mtu wa wadudu kwa kusomea, alikuwa mwanasaikolojia. Mwaka 1932 alikwenda kisiwa cha Barro Colorado, Panama, akaanza kuwafuata Eciton usiku na mchana, na akaendelea kurudi huko. Akaona kitu ambacho hoja ya njaa haikukieleza. Eciton burchellii anahama kwa takriban siku 15, kisha anatulia siku 20 hivi, kisha anahama tena, na ratiba hiyo haijali kama msitu una chakula au hauna. Akafungua makoloni akatazama watoto. Kila koloni linalohama lilikuwa na mabuu, wale wanaokula na kujinyonganyonga. Kila lililotulia lilikuwa na pupa waliolala kimya. Na siku pupa wanapogeuka vibarua wapya, wote karibu kwa wakati mmoja, koloni linasisimka na safari inaanza.

Schneirla akasema basi: watoto ndio wanaohamisha jamaa. Mabuu wanawachangamsha vibarua kwa kuwagusa na kwa kemikali zao, vibarua wanawinda sana, na uwindaji mkubwa unageuka kuwa safari. Pupa hawachangamshi mtu, kwa hiyo koloni linatulia. Miaka ya 1950 akahamia Arizona kuwatazama Neivamyrmex, na mzunguko akaukuta uleule. Alifariki 1968, na kitabu chake kikubwa cha siafu kikatoka 1971 kikiwa kimehaririwa na mwanafunzi wake Howard Topoff.

Lakini angalia hili. Msituni Eciton aliye katika awamu ya kuhama anahama karibu kila usiku. Huwezi kupima kama chakula kina athari wakati jamaa wanahama kila siku. Nigrescens wa jangwani hafanyi hivyo. Usiku huu anahama, kesho habanduki, keshokutwa habanduki, mtondo anaondoka. Mbona? Mabuu ni walewale na wanajinyonganyonga vilevile.

Topoff na mwenzake John Mirenda wakaamua kupima. Baadhi ya makoloni yaliyokuwa katika awamu ya kuhama wakayapa chakula cha ziada, mengine wakayabania. Matokeo yalitoka 1980: walioshiba walihama mara chache, wenye njaa walihama mara nyingi. Jaribio rahisi kabisa, na lilifanywa kwenye mdudu huyu ambaye hakuna anayemjua.

Mwalimu Kapesa

Marahaba. Lakini basi umenikubalia. Mwisho wa yote ni njaa. Schneirla alikosea, mambo yameisha.

Kichuguu Kikavu

Hapana mwalimu, sikubaliani. Kama ni njaa tupu, eleza awamu ya kutulia. Koloni limekaa wiki mbili na nusu shimo moja, na limewinda viota vya jirani. Kwa hoja yako lilipaswa kuondoka zamani. Haliondoki. Haliondoki kwa sababu pupa hawali. Siku wale vibarua wapya wanapotoka kwenye pupa na mayai ya malkia yamekuwa mabuu, ndipo mlango unafunguka.

Kwa hiyo mimi naliona hivi: watoto wanaamua kama huu ni msimu wa safari, chakula kinaamua ni usiku upi. Ukichukua moja ukaacha jingine, unapata nusu ya mdudu. Schneirla aliona nusu ya kwanza kwa sababu alianzia mahali ambapo nusu ya pili haionekani.

Na kuna jambo la kijiografia hapa. Jangwani chakula hakijasambaa sawasawa. Kuna sehemu ina viota vya Pheidole vimejazana, hatua chache mbele ni changarawe tupu. Koloni lililoangukia penye neema lina sababu ya kubaki, na kuhama kwenyewe ni hatari: saa kadhaa za kubeba watoto laini juu ya ardhi kavu, na kukikucha bado mko njiani mmekwisha. Kwangu mimi haishangazi kwamba ni siafu wa nchi kavu aliyetuonyesha hesabu hiyo.

Mwalimu Kapesa

Hapo kwenye pupa umenibana kidogo. Ila nitakuuliza: hao mabuu wanaosisimua vibarua, si wanawasisimua kwa kuwa wana njaa? Bado njaa iko jikoni.

Kichuguu Kikavu

Hiyo nakuachia. Njaa ya watoto, ndiyo. Lakini njaa ya watoto na upungufu wa mawindo ardhini ni mambo mawili, na hoja ya zamani ya chakula na ile ya Schneirla zisingegongana kama ingekuwa kitu kimoja.

Chebet wa Marigat

Na siafu wetu wa kawaida je? Wana hiyo ratiba?

Kichuguu Kikavu

Hawana. Dorylus molestus, siafu wa kwenye misitu ya Mlima Kenya, alichunguzwa na Caspar Schöning na wenzake, kazi ikachapishwa 2005. Anahama bila ratiba. Koloni lake kubwa lina watoto wa kila umri kwa wakati mmoja, mayai, mabuu na pupa pamoja, kwa hiyo hakuna siku ambayo wote wamelala. Ndiyo maana jirani yako anaweza kuwa na siafu nyuma ya choo muda mrefu, na mwingine wakampitia usiku mmoja tu wakaondoka.

Bi Mwanakombo

Na wao hawaliwi na mtu? Kila mbabe ana mbabe wake.

Kichuguu Kikavu

Yupo, na ni wa ajabu: nyoka kipofu wa Texas, Rena dulcis. Mwembamba sana, urefu hauzidi sentimita 30, wakati mwingine watu wanamdhania mnyoo. Chakula chake ni mchwa na watoto wa sisimizi. Pale Chuo Kikuu cha Baylor, mjini Waco, Julian Watkins na Frederick Gehlbach walionyesha miaka ya 1960 kwamba nyoka huyu anaweza kuifuata njia ya harufu iliyoachwa na nigrescens. Yaani kipofu anamfuata kipofu mpaka penye chakula.

Siafu wakimshambulia hakimbii. Anajikunja na kujigaragaza, anatoa majimaji nyuma na kujipaka magamba yote. Hayo majimaji siafu hawayataki. Wanamwachia.

Siafu nao wana harufu yao. Watkins na wenzake waligundua kwamba nigrescens anatoa kemikali inayoitwa skatoli, ileile inayofanya kinyesi kinuke kinyesi. Kwa hiyo ukipindua jiwe huko Texas ukakutana na harufu ya choo, usitafute choo. Kazi yake moja inaonekana ni kuzuia bakteria na kuvu, jambo la maana kwa watu wanaolala makumi ya maelfu ndani ya shimo la panya.

Dereva Jangwani

Hahaha. Kuna mahali nilisimama kulala kwenye lori nikalaumu dereva jirani. Huenda nilimwonea. Lakini umeahidi madume.

Kichuguu Kikavu

Madume ndiyo chanzo cha vurugu yote kwenye majina. Dume la siafu halifanani na dada zake hata kidogo. Lina mabawa, macho makubwa, tumbo refu nene. Vibarua ni vipofu wadogo wasio na mabawa. Ukikuta dume kwenye taa na kibarua kwenye udongo, hakuna kitu kitakachokuambia ni familia moja.

Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeanzisha mfumo wa majina ya kisayansi ya viumbe, mwaka 1764 alipewa dume la siafu kutoka Afrika Kusini akaliandika kuwa ni nyigu: Vespa helvola. Leo ni Dorylus helvolus. Kwa hiyo Dereva, ukidhani ni nyigu usione haya, mko wawili.

Huyu wetu wa Arizona naye yalimkuta. Mtaalamu wa wadudu Cresson alielezea dume mwaka 1872 akaliita Labidus nigrescens. Miaka 22 baadaye Emery akaelezea vibarua akawaita Eciton schmitti. Majina mawili, jenasi mbili, mdudu mmoja. Ilichukua muda watu kuunganisha, kisha mwaka 1940 Borgmeier akaanzisha jina la Neivamyrmex ambalo tunalitumia sasa. Jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 120, na mpaka leo baadhi yake zinajulikana kwa madume tu yaliyokuja kwenye taa. Vibarua wao wako chini ya kichaka mahali fulani, au tayari wamo makumbusho chini ya jina jingine.

Mzee wa Pugu

Subiri kwanza. Dume lenye tumbo refu nene, kahawia, linagonga taa ya barazani mvua zikianza, linaanguka kwenye bakuli la mchuzi? Hilo si tunaliona hapa kila mwaka?

Kichuguu Kikavu

Ndilo hilo mzee wangu. La Dorylus, kubwa kuliko la Arizona mara kadhaa. Mwaka huu ukilipata usilitupe. Angalia kiuno: kati ya kifua na tumbo utaona kifundo kimoja tu, na taya zimepinda. Halichomi, madume ya sisimizi hayana mwiba. Lipige picha kwa juu na kwa ubavu uweke hapa na wilaya uliyopo, tuone ni la spishi gani.

Bi Mwanakombo

Mimi nitapiga kwa mbali.

Dereva Jangwani

Huku mvua bado wiki chache. Zikianza nitabeba tochi niingie kwenye mesquite za kando ya barabara nikiwa nimesimamisha lori. Nitafute nini hasa?

Kichuguu Kikavu

Anza muda mfupi baada ya giza kuingia, ardhi ikiwa bado na unyevu wa mvua. Tafuta kwanza sisimizi wakubwa wamesimama nje ya kiota chao na watoto mdomoni, bila kwenda popote. Ukiwaona hao, shusha tochi, usiwakanyage, na utazame kwenye mlango wa kiota chao. Safu ya siafu itakuwa inaingia au inatoka hapo. Na vaa viatu vya juu, huko kuna nyoka wenye njuga ambao si vipofu.